Modeli ya karatasi inakunjika, plaiwudi inagoma: nibadilishe bawaba au nibadilishe muundo?

Kivuli_Chepesi:

Habari wakuu. Naomba msaada wenye namba, si picha za kuvutia.

Nasanifu kivuli cha kukunjwa cha takribani m 7 kwa m 5, cha kufunguliwa mchana na kufungwa jioni. Mchoro ni wa Miura-ori, mtindo wa kukunja karatasi ambao shuka zima linafunguka na kujifunga kwa mwendo mmoja: vipande vya umbo la msambamba, pembe kali ya digrii 60, kila upande mm 600. Vimepangwa 14 kwa 8, jumla 112. Vikinyooka kabisa vinafunika m 7.28 kwa m 4.8.

Modeli ya karatasi nzito inafunguka kwa kuvuta kona mbili tu. Baada ya hapo nimekata vipande vinne vya plaiwudi ya mm 12, yaani kipeo kimoja cha majaribio (nukta ambapo mikunjo minne inakutana), nikafunga bawaba za kawaida za mlango. Mikunjo ya mlima (inayochomoza juu) bawaba ziko upande wa juu, mikunjo ya bonde (inayozama) ziko upande wa chini, ili mbao zilaliane. Mkunjo mmoja mmoja unafanya kazi vizuri. Vinne vikishaungana, vinasogea digrii chache na kukwama. Ukilazimisha, skrubu zinang'oka.

Maswali yangu: (1) kosa liko wapi hasa? (2) linatibika kwa unene huo wa mbao? (3) au niachane na vipande, nitumie tao la mikasi (fito zilizovukana na kuungwa kwa bolti kama mkasi, zinazofunguka kuwa tao) lenye turubai juu yake?

---

Bawaba_Nne:

Mkuu, mbao umekata sawa na skrubu hazina kosa. Umehamisha mihimili, yaani mistari ambayo bawaba zinazungukia.

Kwenye karatasi, mikunjo minne ya kipeo inakutana katika nukta moja. Unene ni kama haupo, kwa hiyo mihimili yote minne inapita hapo. Ukiweka bawaba tatu juu ya ubao na moja chini (na lazima iwe tatu kwa moja, kwa sababu kipeo cha mikunjo minne kinachokunjika bapa kina milima mitatu na bonde moja, au kinyume chake), mhimili mmoja umeshuka mm 12 chini ya wenzake. Haukutani nao tena.

Hilo si jambo dogo. Chukua kanuni ya kawaida ya kuhesabu uhuru wa kusogea: 6(n − 1 − j) + j, ambapo n ni idadi ya vipande na j ni idadi ya bawaba. Vipande vinne, bawaba nne: 6 × (−1) + 4 = −2. Yaani kwa ujumla mfumo huo haukupaswa kusogea kabisa. Unasogea kwa upendeleo mmoja tu, kwamba mihimili yote inakutana kwenye nukta moja. Hapo hesabu inakuwa ya mwendo wa juu ya tufe, 3 × (−1) + 4 = 1, na kipeo kinapata uhuru mmoja. Ukiondoa makutano, unarudi kwenye −2. Zile digrii chache ulizopata ni ulegevu wa pini za bawaba, basi.

Njia za kutoka ni tatu.

Ya kwanza ni kuacha mihimili yote katikati ya unene wa mbao, kisha kuchonga kingo hanamu pande zote mbili. Ndiyo njia iliyoelezwa kwa kina na Tomohiro Tachi, mtafiti wa origami wa Japani. Mihimili inabaki palepale ilipo kwenye karatasi, mbao ndiyo inayoondolewa ili isigongane. Upana wa sehemu unayoiondoa kwenye uso wa ubao, kutoka kwenye mhimili, ni:

x = (t/2) × tan(ρ/2)

t ni unene wa ubao, ρ ni kiasi ulichokunja kuanzia bapa. Ukitaka mkunjo ufike digrii 160 (zibaki 20 kati ya mbao mbili): 6 × tan 80° = mm 34. Ukitaka ufike 170, inakuwa mm 68.6. Ukitaka 180 kamili, hanamu haina mwisho, kwa hiyo usiitafute. Njia hii haifungi bapa, itabaki wazi kidogo daima.

Hapa watu wengi wanapoteza mbao bure, kwa sababu wanachonga kingo zote sawa. Kwenye Miura mikunjo haiendi kwa mwendo mmoja. Mikunjo ya mstari wa kona-kona inakunjika haraka, ile ya mstari ulionyooka inachelewa, na uhusiano wake ni tan(ρ iliyonyooka / 2) = cos α × tan(ρ ya kona-kona / 2). Hapa α ni pembe kali ya kipande; kwa yako ya 60, cos α ni 0.5. Ya kona-kona ikifika 160, iliyonyooka iko 141 tu. Rudi kwenye kanuni ya x hapo juu uone: hanamu ya mstari ulionyooka ni nusu kamili ya ile nyingine, mm 17 dhidi ya mm 34. Hii inakuokolea mbao pamoja na nafasi ya kushika skrubu.

Kwa ukomo huo, vipande 14 vya upande mmoja vinajikusanya kutoka m 7.28 hadi takribani m 2.42 (kila kimoja kutoka mm 520 hadi mm 173). Vile 8 vya upande wa pili vinatoka m 4.8 hadi m 2.5. Eneo linabaki kama asilimia 17 ya lile la mwanzo. Kama chumba chako cha kuhifadhia ni chembamba kuliko hapo, njia ya hanamu imekufa kabla hujanunua mbao.

Njia ya pili: badala ya ubao mmoja wa mm 12, tumia mbili za mm 6 zenye turubai la PVC katikati, gundi na riveti. Turubai ndilo bawaba. Kwenye kila mkunjo acha pengo la mm 12 kati ya mbao, ongeza unene wa turubai, na mkunjo utafunga bapa upande wowote. Kipeo chenyewe usikiache kizima, kitoboe tundu la duara la mm 25 hadi 30 na ukate ncha za mbao. Turubai lisilotobolewa hapo hupasuka lenyewe, na mpasuko unafuata mkunjo hadi kipeo kinachofuata. Ubaya wake ni kwamba bawaba ya kitambaa ina ulegevu wa pembeni. Kwenye vipeo vichache ni baraka. Mchoro wako una vipeo vya ndani 91, na ulegevu unajumlishana mpaka muundo unalala kama mkeka.

Ya tatu ni kuacha mihimili ikae kwenye viwango tofauti kwa makusudi, kwa vipimo vinavyofanya kila kipeo kiwe mashine ya Bennett (bawaba nne ambazo mihimili yake haikutani, lakini bado inasogea) badala ya mwendo wa juu ya tufe. Yan Chen, Rui Peng na Zhong You waliionyesha mwaka 2015, na inafunga bapa kweli. Lakini unene wa kila kipande unatokana na hesabu, si wa kuchagua. Kwa mbao za mm 12 zilizokatwa tayari, sahau.

Kabla hujaamua, hesabu vitu. Vipande 14 kwa 8 vina mikunjo ya ndani 202. Bawaba mbili kila mkunjo ni bawaba 404. Plaiwudi ya kawaida kwa unene huo ni kama kilo 7.8 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mbao peke yake zinakaribia kilo 270.

---

Kivuli_Chepesi:

Nimeelewa habari ya mihimili, asante sana. Bado mawili. Kivuli kikiwa wazi kabisa, bapa, kitasimama chenyewe? Na je, naweza kukifunga kwenye reli mbili sambamba, moja kila upande, kisukumwe kama pazia?

---

Bawaba_Nne:

Hapana, na hapana.

Miura iliyonyooka kabisa haina kimo, kwa hiyo haina ugumu. Tena hapo bapa kila kipeo kinaweza kuchagua kukunjika njia nyingine, na ukianza kufunga, baadhi ya mikunjo inageuka upande usio wake. Weka vizuizi ili mkunjo usipungue digrii 30 hivi hata kikiwa "wazi". Kumbuka hilo linakula kidogo ya zile m 7.28.

Kuhusu reli: Miura ikifungwa urefu, upana nao unafungwa kwa pamoja. Ndiyo sifa iliyoifanya ipendwe kwa paneli za jua za vyombo vya anga. Koryo Miura aliibuni kwa kazi za namna hiyo, na mwaka 1995 iliruka kwenye chombo cha Japani, Space Flyer Unit. Huko juu hakuna reli wala nguzo. Kwako wewe reli mbili sambamba zitaizuia isisogee kabisa, labda reli moja iwe imara na ya pili iweze kuteleza m 2.3 kuelekea mwenzake. Kama unataka pazia la reli mbili, tumia mikunjo sambamba ya kinanda cha mkono, isiyo na vipeo. Hiyo bawaba zako za juu na chini zinaitosha kama zilivyo.

---

Tao180:

Nijibu swali la tatu. Kwa m 7 na kufungua kila siku, mimi ningeacha vipande. Tao la mikasi lina sehemu chache na zote zinafanana, na fundi mmoja anaweza kuzitengeneza kwa jigi moja. Emilio Pérez Piñero, msanifu majengo wa Hispania, alionyesha ukumbi wa maonyesho wa kusafirishwa wa namna hii mwaka 1961, na msanifu majengo mwenzake Félix Escrig akaja kuandika masharti ya jiometria tunayotumia hadi leo.

Sharti lenyewe ni rahisi: kwenye kila mstari ambapo mkasi mmoja unakutana na mwingine, jumla ya nusu-fito (sehemu ya ufito kutoka tundu la kati hadi la mwisho) za upande wa kushoto lazima ilingane na jumla ya nusu-fito za upande wa kulia. Ikitofautiana, fito zitapinda kabla kifurushi hakijafunga.

Fito zikitobolewa katikati kamili, mikasi inafunguka kuwa bapa. Ukisogeza tundu kutoka katikati, inafunguka kuwa tao. Ikiwa a ni sehemu ndefu (ya nje), b ni fupi (ya ndani), na φ ni pembe ya ufito kutoka kwenye mlalo wa mkasi wake, basi:

tan(γ/2) = [(a − b) / (a + b)] × cot φ

γ ni pembe ya tao inayobebwa na mkasi mmoja. Tuchukue nusu duara kwa mikasi 6, kila mmoja digrii 30, na tutake φ iwe 35 ikiwa wazi. Tan 15° ni 0.268, cot 35° ni 1.428, uwiano unatoka 0.1875. Kwa ufito wa mm 2000 kutoka tundu la mwisho hadi la mwisho: a = 1187.5, b = 812.5.

Matokeo: nusu kipenyo cha nje m 3.76, cha ndani m 2.57. Upana wa nje m 7.52, wa ndani m 5.14, kimo cha ndani m 2.57. Hivyo unapata m 7.5 kwa nje, lakini watu watakaa ndani ya m 5.14. Kama unataka m 7 za kukaa, kuza kila kitu kwa 1.36.

Tao moja lina fito 12. Kwa urefu wa m 5, matao manne yaliyoachana kama m 1.6 yanatosha: fito 48. Bomba la alumini la mm 50 lenye unene wa mm 3 ni karibu kilo 1.2 kwa mita, jumla kama kilo 118. Linganisha na kilo 270 za mbao.

Vitovu maalumu vya kuunganishia huhitaji kwenye tao la bapa moja (ambalo fito zake zote zinasogea ndani ya uso mmoja tambarare). Fito zote zinazoegemea kulia ziwe tabaka la mbele, zote zinazoegemea kushoto ziwe nyuma, na kila kiungo ni bolti moja inayopita mabomba mawili. Bolti ya M12, nati yenye nailoni, washa ya nailoni ya mm 3 kati ya mabomba. Ndani ya kila tundu piga bushi, yaani kibomba kidogo cha kupitisha bolti (mm 16 nje, mm 12 ndani), inayovuka bomba zima na kutokeza kidogo pande zote mbili, ili nati ikaze bushi badala ya kubonyeza bomba. Bila bushi, bomba linabonyea, kiungo kinakuwa kigumu, kisha tundu linakuwa la yai. Likifungwa vizuri, tao linakusanyika kuwa kifurushi cha kimo cha m 2 na upana wa karibu nusu mita.

Kutoboa: usipime fito 48 kwa futi. Tengeneza jigi (kiolezo cha kutobolea) la pau ya chuma lenye pini tatu na toboa zote humo. Tundu la katikati likikosea kwa mm 1 kwenye fito zote sawasawa, kila mkasi unakosea kama digrii 0.15, na mwisho wa tao unakosea kama sm 6. Hilo linavumilika, unafungua zaidi au pungufu kidogo. Hatari ni mm 1 iliyotawanyika, huku imezidi, kule imepungua. Hapo sharti la nusu-fito limevunjwa na tao linakuwa zito kufungua bila sababu inayoonekana kwa macho. Mara nyingi watu hulaumu bolti na kuzilegeza, wakati ugonjwa uko kwenye matundu.

Na bomba lisiwe jembamba. Tundu la kati liko pale pale penye momenti (nguvu ya kupinda) kubwa kuliko zote, hivyo limekata nguvu ya ufito mahali pabaya.

---

Momenti_Kwanza:

Nakubaliana na Tao180 karibu yote, isipokuwa aya ya mwisho, maana itampeleka mtu kununua bomba nene kwa sababu isiyo sahihi.

Mkasi ukipinda ndani ya bapa lake, mhimili wa bolti uko sambamba na mstari usio na mkazo wa bomba. Tundu liko ubavuni, pale ambapo mkazo wa kupinda ni karibu sifuri. Kwa bomba la 50 × 3, I (kipimo cha ukinzani wa bomba dhidi ya kupinda) ni kama mm⁴ 122,800. Tundu la mm 16 linaondoa takribani 2,000 tu, haifiki asilimia 2. Hilo si la kukukosesha usingizi.

Hadithi inabadilika ufito ukipinda nje ya bapa, yaani upepo unaposukuma tao ubavuni. Sasa tundu lilelile liko kwenye ukingo wenye mkazo mkubwa kabisa, linaondoa karibu 53,000, kama asilimia 43. Na kupinda huko kupo hata bila upepo, kwa sababu matabaka mawili ya fito yameachana kwa mm 53 kutoka kati hadi kati. Kila kani inayopita kutoka ufito wa mbele kwenda wa nyuma inazalisha momenti ya kani hiyo mara mm 53. Kwa kN 4 ni kama Nm 212, kabla ya mzigo mwingine wowote.

Kwa hiyo dawa ni kuzuia tao lisiyumbe kando: mabomba ya kuunganisha matao kwenye kila kiungo cha ndani na cha nje, na waya za msalaba angalau kwenye nafasi mbili kati ya matao. Hizo zinaingizwa baada ya kufungua. Bomba nene lije baada ya hapo, kama hesabu bado inalia.

Jambo la pili halijasemwa na ndilo linalowakwamisha wengi siku ya kwanza. Miguu ya tao hili haitembei upande mmoja tu. Tukifuata namba za Tao180, umbali kati ya viungo viwili vya chini vya ndani unakwenda hivi:

φ = 50°: m 5.41, kimo cha ndani m 1.37
φ = 43.5°: m 5.60, kimo m 1.86
φ = 35°: m 5.14, kimo m 2.57

Miguu inatawanyika hadi m 5.60, kisha lazima irudi ndani sm 46 huku tao likiendelea kupanda sm 71. Viungo vya nje navyo vinafika m 8.18 katikati ya safari, ingawa vikiwa wazi vinakaa kwenye m 7.52. Sakafu lazima iwe na nafasi hiyo, bila ukuta wala mtaro. Aliyeweka vizuizi vya magurudumu kwenye m 5.14 mapema, tao lake litagoma chini ya nusu ya safari na atadhani amekosea vipimo.

Na pale kwenye m 5.60 kuna nukta mfu: umbali wa miguu haubadiliki huku kimo kinabadilika, maana yake kusukuma miguu hapo hakufanyi kazi yoyote. Watu sita wanasukuma, tao halipandi. Usisukume miguu. Vuta kiungo cha juu na cha chini cha mstari mmoja vikaribiane. Umbali huo unapungua moja kwa moja kutoka m 2.0 (imefungwa) hadi mm 1187 (wazi) bila nukta mfu. Winchi ndogo ya mkono yenye waya kwenye mstari wa kati wa kila tao inatosha, na matao yote yavutwe pamoja.

---

Kivuli_Chepesi:

Hii ya nukta mfu nisingeiona kamwe kwenye mchoro. Basi naelekea kwenye tao. Nikishafungua nalifungaje lisirudi? Na turubai la aina gani, juu au chini ya fito?

---

Momenti_Kwanza:

Kulifunga kunahitaji vitu viwili, kwa sababu linaweza kukimbia pande mbili.

Uzito unataka kulilaza, yaani φ iongezeke na ule umbali wa juu-chini urefuke. Waya wa chuma wa urefu wa mm 1187 kwenye kila mstari unazuia hilo, kwa kuwa unavutwa tu. Weka skrubu ya kukazia waya kwenye ncha moja, maana milimita mbili tatu za ulegevu zinaonekana kileleni.

Upepo wa kuinua unataka kinyume, tao lifunguke kupita kiasi. Waya hapo unalegea na hausaidii. Unahitaji ama ufito mgumu sambamba na waya, ama waya za pili zinazounganisha viungo vya nje vinavyofuatana, kila moja mm 1946. Mimi ningechukua hizo za pili: zikikazwa, ndizo zinazokwambia umefika 35°, huhitaji kupima pembe. Mwisho, miguu ya ndani na ya nje ifungwe ardhini yote miwili kila upande. Ukifunga mmoja tu, bado una bawaba.

Upepo wenyewe, hesabu ya kuanzia: mkandamizo ni 0.613 × v², v ikiwa kwa m/s. Kwa 15 m/s ni kama N 138 kwa mita ya mraba. Eneo la chini m 7.52 × 5 = 37.6, kani ya kuinua kwa mgawo wa 1 (mkandamizo wote ukifanya kazi ya kuinua) ni karibu kN 5.2, kama kilo 530. Kwa usalama wa 1.5 ni karibu kilo 800, igawe kwenye ncha nane za matao (mbili kila tao), kilo 100 kila moja. Tao lililo wazi ncha zote linaweza kupata mgawo mkubwa zaidi ya 1 upepo ukiingia chini yake, kwa hiyo hiyo ni sakafu ya hesabu, si dari. Kabla waya hazijafungwa lisifunguliwe upepo ukizidi 6 au 7 m/s. Katikati ya safari halina kinachoizuia isipokuwa winchi.

Turubai namwachia Tao180.

---

Tao180:

Kwanza, marekebisho ya tundu nayapokea. Nilikuwa nafikiria fito za mbao za bapa moja, ambako tundu kubwa kweli linakula.

Turubai: poliesta yenye PVC ya gramu 650 hadi 900 kwa mita ya mraba. Usitumie kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa PTFE (teflon) hata ukikuta ni kizuri machoni. Nyuzi za kioo zinavunjika kwenye mkunjo, na mikunjo inayorudi palepale kila siku itakitoboa. Kilichofumwa kwa nyuzi za PTFE zenyewe kinavumilia kukunjwa kuliko vyote, ila bei yake ni ya kazi kubwa.

Litundike chini, kwenye viungo vya ndani. Sababu ni namba tena: viungo vya ndani vinaachana mm 1331 vikiwa wazi, vya nje mm 1946. Chini kuna kitambaa kichache cha kukunja, na kinaning'inia chenyewe kwa mikunjo ya kushuka katikati ya viungo, hakiingii kwenye mdomo wa mkasi. Likiwa juu, fito zinapofunga zinaling'ata. Kata kila pande fupi kwa asilimia 1 hivi kuliko umbali uliohesabiwa, ili waya zikishakazwa liwe limevutika. Turubai lisilovutwa linapigapiga, na kupigapiga kunalegeza bolti.

Kwenye kila kiungo acha kipande cha ukanda kati ya turubai na bolti, kama sm 8, usilifunge moja kwa moja. Kiungo kinazunguka, turubai halizunguki.

Na nati: kaza mpaka ishike, kisha rudisha robo mzunguko. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na washa za nailoni zikae hata kwenye kichwa cha bolti, maana chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini inaliwa kuzunguka tundu. Weka alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bushi. Ukipita asubuhi, alama isiyonyooka unaiona bila spana.